Kondoo wa chuma haanguki kwa uzito peke yake

MPIRA wa miguu haumwachii mchezaji nafasi ya kujipimia. Sheria Namba 2 imemaliza kila kitu: mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Straika akikosa bao la wazi Kwa Mkapa anaweza kulaumu nyasi, refa au kipa aliyeamka vizuri siku hiyo, lakini hawezi kudai alipewa mpira wa kilo moja.

Huko Marekani upo mchezo ambao mambo ni kinyume kabisa. Kila mchezaji anakuja uwanjani na 'mpira' alioutengeneza mwenyewe kwenye banda nyuma ya nyumba yake.

Anayeyusha madini ya risasi, anayamimina kwenye kalibu, anasubiri yagande, anafungua, na kinadondoka kipande kimoja kinachong'aa. Anarudia mara mia mbili. Kisha anakaa na mizani anapima kipande kimoja kimoja kama muuza dhahabu wa Geita.

Kiswahili kimemrahisishia kazi mtu huyu, maana madini yenyewe ni risasi na kinachotoka mtutuni nacho ni risasi. Huo ndio mchezo wa kulenga shabaha kwa risasi za kusubu, na kabla ya yote mlengaji anatakiwa kujibu swali moja: anunue kalibu ya uzito gani?

Jibu linalopendwa vijiweni ni fupi. Nunua nzito kuliko zote.

Jibu hilo limewaingiza wengi mkenge, na ndilo linalostahili kadi. Linafanana mno na kelele za mashabiki dirisha la usajili linapofunguliwa, pale jina kubwa linapotakiwa lishushwe Airport hata kama kocha hana nafasi ya kulichezesha.

Kwanza uwanja wenyewe ueleweke. Katika milima ya New Mexico, karibu na mji mdogo wa Raton, kuna kituo kikubwa cha kulenga shabaha kinachoitwa Whittington Center. Hapo tangu mwaka 1985 hufanyika michuano ya taifa ya bunduki za zamani za baruti nyeusi, zile za kupakia risasi moja moja, za mtindo wa Marekani wa kabla ya mwaka 1896.

Shabaha ni wanyama wa bamba la chuma. Kuku wako mita 200, nguruwe mita 300, bata mzinga mita 385 na kondoo dume mita 500. Asili yake ni Mexico, ambako zamani walilengwa wanyama hai waliofungwa kamba, kabla watu hawajaona aibu na kuhamia kwenye chuma.

Sheria yake ni rahisi kuliko ya kuotea. Mnyama akianguka ni pointi, akibaki amesimama ni sifuri. Hata kama risasi imempiga katikati ya kifua na mlio umesikika bonde zima, kama hajaanguka hakuna VAR ya kumwokoa mlengaji.

Hapo ndipo mapenzi ya uzito yalipozaliwa, na si mapenzi ya kijinga. Kondoo ni pande la chuma, yuko nusu kilomita, na risasi inamfikia ikiwa imechoka. Risasi nyepesi humgonga akatikisika na kurudi palepale alipokuwa. Nzito humsukuma mpaka alale.

Uzito wa risasi hupimwa kwa greni, kipimo kidogo sana ambacho 7,000 zake hufanya ratili moja. Kwa bunduki maarufu ya .45-70, risasi ya greni 405 ina takriban gramu 26. Ile ya greni 535, ambayo walengaji wengi wa kondoo huiabudu, inakaribia gramu 35. Zote mbili zina unene uleule, hivyo ile nzito ni ndefu zaidi, na risasi ndefu hupasua upepo vizuri na kutunza kasi yake safari nzima.

Jeshi la Marekani lenyewe lilipita njia hiyo. Lilianza na .45-70 mwaka 1873 likitumia risasi ya greni 405. Mwaka 1879 likafanya majaribio ya masafa marefu katika ufukwe wa Sandy Hook, New Jersey, na baada ya hapo likahamia kwenye risasi ya greni 500.

Wanaopenda uzito huitaja sana habari hiyo. Wanachosahau ni kwamba jeshi halikununua kwanza likajaribu baadaye. Lilipeleka bunduki ufukweni, likafyatua, likachimbua risasi mchangani, likalinganisha. Na halikuruka hadi greni 600 kwa sababu tu nambari inapendeza.

Tatizo la risasi ndefu ni hili. Ndani ya mtutu kuna matuta na mifereji inayozunguka kama ngazi za mnara, na kazi yake ni kuisokota risasi ili iruke ikizunguka kama pia. Risasi fupi inaridhika na mzunguko wa polepole. Ndefu inataka mzunguko wa haraka, la sivyo inaanza kuyumba.

Shabiki wa soka anajua kuyumba ni nini. Frikiki za Juninho Pernambucano akiwa Lyon zilikuwa zinatoka mguuni bila kuzunguka, na kipa alikuwa anaona mpira mmoja ukienda sehemu tatu. Makipa waliodaka Jabulani kule Afrika Kusini mwaka 2010 nao wana hadithi zao. Sababu za kifizikia hazilingani na za risasi, lakini jicho linaelewa: kisichozunguka ipasavyo hakiendi kilikotumwa.

Tofauti ni kwamba Juninho alikuwa anataka iwe hivyo. Mlengaji anayekuta karatasi yake imetobolewa na matundu marefu, kama tundu la ufunguo, ameambiwa wazi kwamba risasi zake zinafika zimelala ubavu.

Na hili halihitaji mganga. Mwaka uleule wa 1879, mwanahisabati Mwingereza George Greenhill, aliyefundisha maofisa wa mizinga huko Woolwich, alitoa hesabu ambayo mpaka leo inafanyika kwenye kipande cha karatasi. Chukua 150, zidisha kwa unene wa risasi kwa inchi, zidisha tena kwa unene huohuo, kisha gawa kwa urefu wake. Jibu linakwambia ni ndani ya inchi ngapi mtutu unatakiwa uizungushe risasi mara moja.

Kwa .45-70 unene ni inchi 0.458. Zidisha mara mbili na 150, unapata kama 31.5. Risasi ya urefu wa inchi 1.1 inataka mzunguko mmoja kila inchi 28 na ushee. Ya inchi 1.4 inataka mmoja kila inchi 22 na nusu. Ya inchi 1.5 inataka kila inchi 21.

Sasa bunduki ya jeshi ya wakati ule ilikuwa na mzunguko mmoja kila inchi 22. Ina maana risasi ya inchi 1.4 inapita kwa tabu, kama beki anayecheza akiwa na kadi ya njano, na ya inchi 1.5 imeshatolewa nje kabla ya mechi. Bunduki nyingi za kisasa zilizonakiliwa kutoka kwa Sharps huja na mzunguko kila inchi 18, na hizo zinameza kalibu ndefu bila kelele.

Mtu wa mtutu wa 22 na mtu wa mtutu wa 18 wakikutana kijiweni, wote wanasema wana .45-70. Mmoja anamsifia mwenzake kalibu ya greni 535. Mwingine anainunua. Miezi miwili baadaye anauza bunduki kwa hasira akidai haina shabaha, wakati bunduki haina kosa lolote.

Hesabu ya Greenhill yenyewe ni ya kukadiria, na mwenye busara anaacha nafasi ya ziada. Risasi hizi za baruti nyeusi hutoka mtutuni kwa kama mita 360 kwa sekunde, juu kidogo tu ya kasi ya sauti, na haziendi mbali kabla hazijashuka chini yake. Katika kushuka huko hutikiswa, na ile iliyokuwa inazunguka kwa kubahatisha ndiyo inayopotea kabla ya kumfikia kondoo. Mita 100 ilionekana nzima kabisa.

Kosa la pili hufanyika dukani, kwenye kusoma namba. Kalibu za kampuni ya Lyman, ambazo ni kama jezi za timu ya taifa katika mchezo huu, zina namba za tarakimu sita. Tarakimu tatu za mwanzo ni unene wa risasi kwa sehemu za elfu za inchi. Tatu za mwisho ni namba ya umbo tu, sawa na namba mgongoni mwa mchezaji.

Hivyo 457125 ni risasi ya unene wa 0.457 na uzito wake ni greni 500, ile ya pua ya duara ya mtindo wa jeshi. 457132 ni ile ndefu ya greni 535 inayoitwa Postell. 457124, jirani kabisa wa ile ya kwanza kwa namba, ina greni 385. Anayedhani namba kubwa ni uzito mkubwa atafungua boksi nyumbani na kukuta kiungo wakati alisajili beki.

Unene huo nao una mtego, na Afrika Mashariki inao mfano wake. Bunduki za Lee-Enfield za .303, ambazo askari wa King's African Rifles walizibeba kutoka Kenya na Tanganyika hadi Burma, hazina unene wa 0.303 popote pale panapomhusu msubu risasi. Namba hiyo inapimwa juu ya matuta. Ukipima ndani ya mifereji unakuta karibu 0.314, na mitutu iliyotengenezwa haraka wakati wa vita hutofautiana sana.

Walengaji wa Marekani wanaokusanya bunduki hizo hujikuta wananunua kalibu ya 0.311 kwa sababu imeandikwa kuwa ni ya '.30'. Risasi inapita mtutuni ikiwa imelegea, moto unaipita pembeni, madini yanayeyuka na kupaka utando ndani ya mtutu. Baada ya risasi kumi shabaha imekufa. Wakati huohuo ipo kalibu ya 314299, ya greni 200, iliyotengenezwa kwa ajili ya mitutu kama hiyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa si duka. Kazi ya kwanza ni kuchukua kipande laini cha risasi, kukisukuma polepole ndani ya mtutu bila baruti yoyote, kukitoa upande wa pili na kukipima kwa maikromita. Kipande hicho kimebeba sura kamili ya mtutu. Risasi ya kusubu inatakiwa iwe kubwa kuliko kipimo hicho kwa elfu moja au mbili za inchi.

Dakika ishirini, zimeisha. Ni kama vipimo vya afya kabla ya kusaini mkataba, na kila msimu kuna klabu inayoviruka halafu inalipa mshahara wa mtu anayekaa na barafu gotini.

Baada ya mtutu yanakuja madini. Risasi tupu ni laini, na kwa baruti nyeusi wengi huichanganya na bati kidogo, sehemu 20 au 30 za risasi kwa moja ya bati. Ulaini huo ni mzuri kwa sababu baruti ikilipuka nyuma, risasi hutanuka na kuziba mtutu sawasawa.

Lakini risasi nzito yenye pua ndefu ikiwa laini kupita kiasi, kitako kinasukumwa kabla pua haijaondoka, na pua inapinda au kunywea ndani ya mtutu kama mshumaa ulioachwa juani. Umbo lililosifiwa kwa kupasua upepo linatoka likiwa limeharibika. Mwenye kalibu ndefu hulazimika kuongeza bati, na bati ni ghali kuliko risasi.

Akiamua kuweka madini magumu ya wachapaji wa zamani wa magazeti, yenye antimoni asilimia 12 na bati asilimia 4, uzito unashuka, kwa kuwa mchanganyiko huo ni mwepesi kuliko risasi tupu. Kalibu iliyoandikwa greni 500 haitoi tena greni 500. Yule aliyelipia uzito anaishia kutoupata.

Kusubu kwenyewe kunadai zaidi kadiri risasi inavyokuwa kubwa. Kalibu ya chuma huchelewa kupata moto lakini hukaa nao, ya alumini huwaka haraka na kupoa haraka. Ikiwa ya baridi, risasi inatoka na makunyanzi, inarudishwa chunguni. Ikiwa na moto mno, inatoka na weupe wa ukungu. Kwenye risasi nene ni rahisi zaidi kiputo cha hewa kujificha ndani, upande mmoja, na risasi yenye kiputo upande mmoja huzunguka kama gurudumu lililopinda. Ndiyo maana washindani wakubwa wengi hutumia kalibu ya tundu moja, wanamimina kwa upole, na hawaoni tabu kurudisha motoni theluthi ya kazi ya asubuhi nzima.

Kuna jambo la mwisho ambalo vijiweni halisemwi kwa sababu linagusa uanaume. Bega.

Mashindano ya kondoo ni risasi 40 za kuhesabiwa, kumi kwa kila mnyama, achilia mbali za kujipasha. Bunduki haitakiwi kuzidi kama kilo 5.5, hivyo hakuna kuongeza chuma ili itulie. Kila greni inayoongezwa mbele inarudi begani. Na kuku wa mita 200 analengwa mtu akiwa amesimama wima, bila egemeo lolote, mikono mitupu.

Mtu aliyepigwa na kitako cha bunduki mara thelathini huanza kushtuka kabla hajafyatua. Anafumba jicho, anavuta bega, risasi inapita juu ya kuku. Hajui kama anashtuka, anadhani ni upepo.

Hesabu ni ya darasa la pili. Anayeangusha kondoo wanane na kuku wawili ana pointi kumi. Anayeangusha kondoo sita na kuku sita, kwa risasi nyepesi kidogo, ana 12. Wa kwanza atapigwa picha na kondoo wake, wa pili atapanda jukwaani. N'Golo Kanté ana urefu wa mita 1.68 na medali ya Kombe la Dunia, na hakuna aliyewahi kumwambia aongeze kilo.

Historia ya mchezo huu ina mechi moja ambayo kila shabiki wa soka angeipenda. Ni Septemba 26, 1874, kiwanja cha Creedmoor, kisiwa cha Long Island, New York. Ireland, wenye mabingwa wa masafa marefu, dhidi ya Wamarekani waliokuwa wageni kabisa wa mchezo huo. Watu sita kila upande, umbali wa yadi 800, 900 na 1,000.

Waireland walikuja na bunduki za Rigby za kupakia kwa mbele, nzuri kuliko zote za aina hiyo duniani, na John Rigby mwenyewe alikuwa kikosini. Wamarekani walikuwa na Remington na Sharps mpya za kupakia kwa nyuma. Pande zote mbili zilikuwa na risasi nzito za masafa marefu. Ubishi wote ulikuwa juu ya vifaa, nani ana mtutu bora, nani atapigwa aibu.

Mechi ikaja kuamuliwa na kitu kingine. Mlengaji mmoja wa Ireland, Milner, alifyatua risasi safi ikagonga katikati kabisa ya shabaha. Shabaha ya jirani. Ni bao la kujifunga lenye ubora wa hali ya juu, na likahesabiwa sifuri badala ya pointi nne.

Ikabaki risasi moja ya mwisho, ya Mmarekani John Bodine, yadi 1,000, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi moja. Muda mfupi kabla alikuwa amejikata mkono na chupa ya soda ya tangawizi iliyopasuka, damu inatiririka. Akafunga kitambaa, akalala, akafyatua, akapata nne. Marekani 934, Ireland 931.

Risasi ya Milner ingehesabiwa, Ireland wangeondoka na 935. Hakuna kalibu duniani, ya uzito wowote, ambayo ingemrekebishia jicho lake siku ile.

Kabla ya kufika kwenye nini kifanyike, liko suala ambalo si la utani. Madini ya risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani limeshasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, kichwani, bila dalili za haraka. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, hawahitaji kufundishwa hilo. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia sumu hiyo kwenye damu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kabla kesi haijapanda ngazi za rufaa.

Huko Marekani msubu mwenye akili hagusi betri za magari kabisa, maana mabaki yake yakipata unyevu yanaweza kutoa gesi za kuua. Anayeyushia mahali penye hewa, si jikoni, hali wala havuti sigara akiwa kazini, ananawa mikono kabla ya kumshika mtoto. Hata tone moja la maji likiingia kwenye chungu cha risasi iliyoyeyuka, chungu kinalipuka usoni.

Kalibu nzito inamaanisha chungu kikubwa, madini mengi, saa nyingi zaidi juu ya moshi. Anayempigia debe mgeni anunue nzito ampigie debe na hilo. Na kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayepata mzuka, silaha na risasi zake huku ni mambo ya kibali cha serikali. Kujitengenezea nyumbani ni safari ya kwenda mahabusu.

Wanaostahili kubanwa hapa si wageni. Mgeni hana pa kujua. Wanaostahili kubanwa ni wakongwe wa klabu na waandaaji wa mashindano, ambao wanamwona kijana anakuja na bunduki ya babu yake, hawamuulizi mtutu wake unazunguka kila inchi ngapi, wanamtajia kalibu wanayoitumia wao. Kalibu ya kuagizwa kwa fundi inapita dola 100. Kijana huyo hana ya pili. Akikosa shabaha msimu mzima anaondoka na harudi, na mchezo uliojaa wazee unabaki na wazee.

Dawa yake ni nyepesi na haihitaji kamati. Kila klabu ina kalibu zinazolala kabatini. Zifanywe za kuazima. Mgeni akifika, apimwe mtutu wake siku hiyohiyo, ahesabiwe urefu anaoweza kuumudu, apewe risasi ishirini za greni 405, ishirini za 500 na ishirini za 535 zilizosubiwa na wenzake, apige karatasi ya mita 200 na aende nazo mpaka kwa kondoo. Aandike matokeo. Bega lake nalo liulizwe.

Halafu ndipo aende dukani. Kama majibu yanasema 535, anunue 535 na asione haya. Kama yanasema 405, mkongwe anayecheka apewe nafasi ya kusimama na kumlenga kuku.